Ushauri: Ziara ya picha Antelope Canyon mwezi Januari, inafaa bila ule mwale wa jua?

Taa_ya_Jioni:
Wakuu, salaam. Likizo yangu safari hii imeangukia Januari, na nimeshaamua kwenda Arizona, Marekani, kupiga picha kwenye yale makorongo membamba yaliyo karibu na mji wa Page. Kilichonivuta tangu zamani ni zile picha za Antelope Canyon ambamo mwale wa jua unapenya kwenye ufa na kushuka wima mpaka mchangani. Sasa kila ninapouliza naambiwa majira ya baridi mwale huo hauonekani. Nimevunjika moyo, na likizo siwezi kuihamisha.

Naomba kujua kama kuna cha maana cha kupiga bila mwale. Kama kipo, niingie Upper au Lower, yaani sehemu ya juu au ya chini ya korongo hilo? Nina lenzi ya milimita 16-35 (pana) na ya 70-200 (ya kuvuta mbali), pamoja na tripodi, stendi ya miguu mitatu, ninayoitegemea sana. Baridi ya jangwani siijui kabisa.

Kivuli_Kirefu:
Ndugu, nenda, na uende kwa furaha.

Page iko karibu nyuzi 37 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupanda hadi nyuzi 76 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo linachungulia moja kwa moja ndani ya Upper, korongo ambalo juu ni jembamba na chini limepanuka. Mwishoni mwa Desemba jua hilohilo, saa sita mchana, halivuki nyuzi 30. Linagonga kuta za juu tu. Ndiyo maana miale huonekana kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, halafu basi.

Lakini tazama kinachofuata. Mwanga uliogonga ukuta wa juu unadunda kwenda ukuta wa pili, unarudi, unadunda tena, na kila ukigusa lile jiwe-mchanga jekundu rangi yake inazidi kukolea: manjano, kisha chungwa, kisha wekundu mzito. Kule chini ambako mwanga huo haufiki vizuri, jiwe linamulikwa na anga la buluu peke yake, nalo linageuka zambarau. Unazipata rangi zote hizo katika fremu moja. Kiangazi, palipo na mwale pana weupe mkali ambao kamera inahangaika nao, na wageni wote wamesongamana kuuelekea. Kwangu mimi picha za majira ya baridi ndizo zinazoonyesha umbo la jiwe jinsi maji yalivyolichonga.

Chagua ziara ya kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Nje ya hapo, Januari, ndani panakuwa na giza.

DadaLenzi:
Kaka, kabla hujalipa popote, fikiria habari ya tripodi. Upper na Lower, ziara za kawaida haziruhusu tripodi, na begi linabaki nje. Zamani Upper kulikuwa na ziara maalumu za wapiga picha wenye tripodi, siku hizi hazipo. Ziara ya picha ya kweli itafute kwenye makorongo ya jirani, Canyon X ikiwemo. Jiwe ni lilelile na watu ni wachache.

Muulize mwenye ziara mambo mawili: tripodi inaruhusiwa? Tunakaa ndani muda gani? Jina "ziara ya picha" peke yake halikuhakikishii chochote.

Mchanga_Mwekundu:
Natofautiana kidogo na Kivuli_Kirefu. Rangi ni nzuri, hilo sibishi. Lakini kama moyo wako wote uko kwenye mwale, hakuna zambarau itakayokuridhisha. Jiulize vizuri unataka picha ipi. Kama ni ile moja tu, Januari nenda kapige kitu kingine, korongo lisubiri mwaka ambao likizo itaangukia Juni.

Taa_ya_Jioni:
Asante sana @Mchanga_Mwekundu, umenifanya nifikiri. Nimezipitia tena picha nilizokuwa nimehifadhi, na nyingi ninazozipenda hazina mwale hata kidogo. Ni mikunjo ya ukuta. Nadhani jibu nimelipata. Nakwenda.

Bibi_wa_Korongo:
Hongera mwanangu. Sasa nisikilize kuhusu mahali penyewe, maana wengi huja wakidhani ni bustani ya serikali kama nyingine. Ile ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani. Antelope Canyon imekuwa hifadhi ya kabila lao tangu 1997, na haiingiliki bila mwongozaji aliyeidhinishwa nao. Droni haziruhusiwi. Ukitaka kuuza picha kibiashara, kuna kibali chake, ulizia mapema.

Mwaka huohuo wa 1997, Agosti 12, mvua ilinyesha mbali, upande yanakotoka maji, na mafuriko ya ghafla yakaingia Lower na kuua watalii 11. Waliokuwa ndani hawakuwa na sababu ya kuogopa kwa kutazama mawingu ya juu yao. Msimu wa hatari zaidi ni ule wa mvua za Julai hadi Septemba, kwa hiyo Januari uko salama zaidi, lakini siku yoyote mwongozaji akisema leo hatuingii, usibishane naye. Na ukitaka kumpiga picha yeye mwenyewe, muombe kwanza. Wengi wao wanaijua kila kona inayopendeza na saa yake. Ukimheshimu atakuonyesha pa kusimama.

Kivuli_Kirefu:
Shikamoo Bibi. Nyongeza ya ufundi kwa ndugu yetu. Funga 16-35 kabla ya kuingia na usibadilishe lenzi ukiwa ndani, vumbi lile laini likifika kwenye sensa utalilaani mwezi mzima. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Mpangilio wa rangi uweke kwenye alama ya wingu, usiiachie kamera ijiamulie, kwa sababu itaona wekundu umezidi na kuupoza, na hapo umepoteza kile ulichokifuata. Usiiingize anga kwenye fremu, inageuka kipande cheupe kinachovuta jicho. Flashi izime kabisa.

Bila tripodi, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800 au 1600, tundu la lenzi f/4 hadi f/5.6, egemea mahali unapoweza. Ukiwa na tripodi shuka ISO 100, f/11, na uache shata wazi sekunde kadhaa. Kule Canyon X ile 70-200 itakufaa kwa mikunjo ya mbali, maana muda utakuwepo.

Mchanga_Mwekundu:
Baridi: Page iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Usiku kunaganda, na ndani ya korongo hakuna jua la kukupasha. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti, zinaisha haraka zikipoa. Ukirudi kwenye gari lenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwanza, la sivyo lenzi itajaa umande. Glavu ziwe za kuachia ncha za vidole. Kama unatokea Phoenix utapita Flagstaff, ambako ni zaidi ya mita 2,100 na theluji inaanguka kwelikweli. Usipange kufika siku ileile ya ziara.

DadaLenzi:
Lower ina ngazi za chuma zilizosimama wima, mikono yote miwili inahitajika, kwa hiyo kamera iwe na mkanda imara. Ila juu ni wazi kuliko Upper, mwanga wake unatosha zaidi kwa kupiga bila tripodi. Kwa Januari mimi ningeichagua hiyo.

Taa_ya_Jioni:
Basi ni hivi: Canyon X na tripodi siku ya kwanza, Lower bila tripodi siku inayofuata, zote saa tano asubuhi. Swali la mwisho: Horseshoe Bend, lile pindo la mto Colorado linalotazamwa kutoka juu ya mwamba, iko karibu hapo. Niende alfajiri au jioni?

Kivuli_Kirefu:
Pale unatazama magharibi. Jioni jua liko mbele yako, anga linapendeza lakini bonde linabaki jeusi. Alfajiri kabisa kivuli cha mwamba ambao wewe umesimama juu yake kinaufunika mto. Subiri jua lipande, hapo maji yanaonyesha kijani chake. Tumia 16 ya lenzi yako, bila hiyo pindo zima haliingii. Mto uko takriban mita 300 chini na uzio umewekwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo kama usiku kulikuwa na barafu, kaa ndani ya uzio.