Naomba ushauri: kadi mbili za shujaa mmoja mezani

Hamjambo ndugu zangu. Jana usiku barazani Mji wa Kale, kahawa tungu ikipoa, tulikwama kwenye mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Shujaa wangu wa kipekee (legendary) alikuwa ameshalazwa, yaani kadi yake imegeuzwa ubavu, kwa kushambulia, nikateremsha kadi ya pili yenye jina lile lile. Binamu akaruka: “Zote mbili kaburini!”, yaani kwenye rundo la kadi zilizotupwa. Hiyo ni sheria ya zamani, tangu 2013 mwenye kadi huchagua moja ibaki, na ya mpinzani haiguswi. Lakini yeye kanizidi umri, na mkaidi hasa.

Sasa, ile inayokwenda kaburini huhesabiwa imekufa? Maana nina kadi inayonilipa kila kiumbe changu kinapokufa. Na kubakisha ile mpya iliyosimama, ni halali? Nisaidieni, leo baada ya Isha tunarudiana.