Kanisa letu limefungwa: niwahudumieje waumini?

Mchungaji wa Kijijini: Wapendwa, ninachunga kanisa dogo nchini Rwanda. Tangu wakaguzi walipolifunga jengo letu mwaka 2024 kwa kukosa vizuia sauti na kinga ya radi, nimekuwa nikijiuliza kama miaka yote hiyo nilichunga kundi au nilichunga paa. Wazee wasioweza kutembea hadi kanisa la jirani niwahudumieje?

Mzee wa Kanisa: Pole sana, Mchungaji. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2018 iliyodai nyumba za ibada ziwe salama na safi, ambayo pia iliwataka viongozi wawe na shahada ya theolojia na kuwapa miaka 5 ya kuipata, haikutujia kama mwizi usiku. Sisi tulichangisha fedha za magitaa kabla ya zile za vyoo.

Mama Mwinjilisti: Mzee, usharika wa wakulima hauchangishi kama wa Kigali. Mchungaji, usiwakusanye sebuleni, maana ibada mahali pasipo na kibali itawaponza. Watembelee mmoja mmoja, uwasomee Zaburi, unywe uji wao.

Mchungaji wa Kijijini: Asante, Mama. Nitaanza kesho na bibi aliyekuwa akifagia madhabahu.