Mkandarasi kahamishia mfumo wetu kwenye wingu, mafaili kayaacha Dodoma

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira ya wiki nzima na leo naitoa hapa, maana ofisini nimeshaongea hadi nimechoka.

Tunanunua alizeti na mahindi. Mizani zetu ziko Kibaigwa, Kondoa na Manyoni. Kila jioni kituo kinatuma faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwenye seva ya ofisi hapa Dodoma, linaangukia D:\Mizani\Zinazoingia. Usiku pakeji za SSIS, yaani programu zilizotengenezwa kwa zana ya Microsoft ya kusoma na kuhamisha data, zinalisoma, zinalinganisha na orodha ya wakulima, kisha zinatoa faili la malipo. Asubuhi watu wanapata hela kwenye simu. Imekwenda hivyo miaka.

Mwaka huu wakubwa wakaamua tuhamie Azure, wingu la Microsoft. Niliunga mkono na bado naunga mkono, seva ile imechoka na umeme ukikatika tunakimbizana na jenereta. Akaletwa mkandarasi kutoka Dar. Akapandisha pakeji zote, zikaonyesha kijani, akatuma picha za skrini, mabosi wakasaini.

Jumatatu hakulipwa mkulima hata mmoja. Jumanne vile vile. Ukifungua ripoti ya usiku, kijani mwanzo mwisho.

Jumatano nikatumwa Kibaigwa kutuliza watu. Baba mmoja wa Mlali akanipa stakabadhi yetu, kaikunja mara nne, tarakimu za kilo zimeanza kufutika kwa jasho. "Mwanangu, alizeti mmeshabeba. Nyumbani narudi na nini?" Nilimwambia mfumo una shida. Akaniangalia tu. Mfumo ataujulia wapi yule baba?

Usiku huo nikafungua pakeji moja baada ya nyingine. Wakuu, njia za mafaili hazikuguswa! Zote zinasema D:\Mizani kama zamani. D: ya nani? Kule Azure pakeji inaendeshwa na mashine za kule, na D: ni diski ya mashine hiyo hiyo. Haina habari na seva iliyoko Dodoma.

Na huyu bwana alilijua tatizo. Hapo ndipo damu inaponichemka. Zile pakeji zinazoandika faili la malipo ziligoma siku ya majaribio kwa kukosa folda. Alichofanya, kaingia kwenye main.cmd, ile inayoendeshwa mashine zinapoandaliwa, kaongeza mstari wa kuunda folda yenye jina lile lile. Tupu! Kosa likanyamaza. Pakeji inaingia, inahesabu mafaili sifuri, inamaliza salama, inaandika faili la malipo lisilo na mtu ndani yake. Asubuhi mashine zinazimwa kuokoa gharama, zikiwashwa tena ni mpya, hata lile faili tupu halipo. Wakati huo mafaili halisi ya mizani yamerundikana kwenye seva ya ofisini, umbali wa meza mbili kutoka ninapokaa.

Kuna na saa. Mashine za kule zinafuata saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko saa tatu nyuma yetu. Sisi tunaendesha saa nane usiku, kwao ni saa tano usiku wa jana, na pakeji inatunga jina la faili kwa tarehe ya mashine ukitoa siku moja, ipate la jioni iliyopita. Kwa hiyo hata mafaili yangekuwepo, ingetafuta ya juzi.

Nilipombana, Alhamisi akaja na "suluhisho": tuweke mafaili Azure Files, folda ya pamoja iliyoko kule wingu. Wazo si baya, SSIS inasoma pale kwa njia ya mtandao ukiipa kitambulisho. Ila ofisi yetu ipandishe vipi? Inahitaji porti 445, mlango wa mtandao wa kushirikishana mafaili, na watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga, wetu akiwemo. Jibu lake: "Kaka, hilo ni la intaneti yenu." Kabla ya kuchukua kazi hakuuliza hata mara moja.

Baya zaidi, ufunguo wa akaunti nzima ya hifadhi kauandika wazi ndani ya pakeji, kisha kautuma kwenye grupu la WhatsApp lenye watu hadi wa mizani. Mwenye ufunguo ule anafungua kila kitu: majina ya wakulima, namba za simu, kiasi walicholipwa. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nimebadilisha ufunguo usiku ule ule bila kumwomba ruhusa mtu.

Sasa hivi mimi na kijana mmoja wa ofisini tunapitia pakeji zote, kila njia ya faili tunaiandika kwenye daftari, tunaitoa ndani na kuifanya kigezo kinachobadilishwa sehemu moja. Seva ya hapa tunaiwekea Self-hosted Integration Runtime, programu ya Microsoft inayounganisha seva ya ofisini na Azure; inatoka nje kwa porti 443, ile ya tovuti za kawaida, ambayo haifungwi, isome CSV hapa hapa na kupeleka data juu. Aliyewahi kuitumia kwa mafaili mengi madogo kwenye intaneti ya kusuasua aniambie ilimkwamisha wapi.

Wakulima tumewalipa jana kwa kuwasha pakeji za zamani kwenye seva ile ile chakavu. Mkandarasi kapiga mara mbili leo anadai awamu ya mwisho. Nimeandikia uhasibu barua wasimlipe, na picha za ile main.cmd nimeambatanisha.