Hela ya moyo iende Mbeya mjini kwenye katheta, au iende wilayani kwenye ECG? Tujadili bila jazba

Mleta mada, Mafinga

Kamwene wakuu. Naleta mada iliyotugawa nyumbani kwetu.

Kwenye grupu la ukoo kuna watu wameanza kampeni kwamba tuwabane wabunge wa Nyanda za Juu Kusini mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iwe na huduma kamili ya katheta, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, ili mtu wa huku asilazimike kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Muhimbili kuzibuliwa mshipa. Mimi nimepinga, nikaambiwa nina roho mbaya. Naomba nijieleze.

Kwa asiyejua, katheta ni mrija mwembamba. Daktari anauingiza kwenye mshipa wa mkononi au wa pajani, anausukuma taratibu huku akiutazama kwenye eksirei mpaka ufike moyoni. Akikuta mshipa umeziba, anapuliza kiputo kuupanua, kisha anaacha humo kijibomba cha wavu wa chuma usijifunge tena. Hiyo ndiyo stenti. Mgonjwa yuko macho, pengine anapiga na stori. Si mambo ya jana haya. Mwaka 1929 Mjerumani Werner Forssmann alijiingizia mrija wa namna hiyo mwenyewe, akatembea nao hadi chumba cha eksirei kupigwa picha. Kazini alionekana mkorofi, lakini 1956 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig akazibua kwa puto mshipa wa moyo wa mgonjwa kule Zürich. Kwa hiyo sina ugomvi na katheta yenyewe. Ugomvi wangu ni saa.

Baba yangu mdogo alishikwa kifua saa kumi alfajiri. Ilikuwa Juni, na anayeijua Mafinga ya Juni anajua hakuna mtu anayetokwa jasho alfajiri ile. Yeye shati lilikuwa limelowa. Tukampeleka kituo kimoja, jina nalihifadhi, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, alipigwa kesho yake jioni, tena mahali pengine kabisa. Aliyeisoma akanyamaza kidogo, akasema mshipa huu umeziba tangu jana. Dar tulifika siku ya nne. Kule walimhudumia vizuri, siwezi kusema uongo, ila sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa. Leo akitoka bustanini kupanda nyumbani, mwendo wa dakika tano, anakaa chini mara tatu.

Sasa nionyesheni hapo katheta ya Mbeya ingemsaidia wapi. Miongozo ya madaktari wa moyo iko hivi: ECG ikionyesha mshipa mkubwa umeziba ghafla, na mgonjwa anaweza kuzibuliwa kwa katheta ndani ya dakika 120, apelekwe huko. Kama haiwezekani, achomwe dawa ya kuyeyusha bonge la damu palepale alipo, ndani ya dakika 10 tangu kugundulika. Dawa hiyo inatakiwa saa za mwanzo. Zikipita 12 tangu maumivu yaanze, faida yake imekwisha.

Dakika 120 ni za nani huku kwetu? Ni za mtu wa Mwanjelwa, Uyole, Mbalizi, labda na Tukuyu barabara ikiwa nyeupe. Mafinga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 200. Songea je? Sumbawanga je? Makete mwezi wa tatu, mvua imeshika? Mtambo ukikaa Mbeya mjini, sisi wengine tunabaki mbali vilevile, isipokuwa tutakuwa mbali na mtambo wa karibu zaidi.

Msimamo wangu ni huu. Kwanza ECG kila hospitali ya wilaya na kila kituo cha afya, na mtu wa kuisoma hata kama ni kwa kupiga picha karatasi na kumtumia daktari bingwa kwa simu. Dawa ya kuyeyusha iwepo kabatini. Vidonge vya presha visikatike. Katheta ifuate baada ya hapo. Karibuni mnirarue.

Kijana wa Soweto, Mbeya

Pole sana na ya mzee, mkuu. Ila hoja yako ina tundu, na umelitoboa mwenyewe.

Achomwe dawa, halafu? Miongozo hiyohiyo inasema aliyechomwa asafirishwe mara moja hadi penye katheta, apigwe picha ya mishipa kati ya saa 2 na saa 24 baada ya kuchomwa. Na dawa ikigoma kufungua mshipa, maana kuna wanaogomewa, azibuliwe haraka iwezekanavyo. Wapi? Dar? Mtoe mgonjwa Sumbawanga, mpitishe Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, mshushe Kitonga nyuma ya malori ya Zambia, halafu Mikumi, Morogoro, foleni ya Kibaha. Kutoka Mbeya tu ni zaidi ya kilomita 800. Ndege ipo Songwe, sawa, tiketi ya nani, na rubani gani atampokea mtu wa kifua akiwa na dripu?

Mbeya ikiwa na huduma, saa 24 zinamtosha mtu wa Songea na wa Mpanda. ECG yako ya wilayani bila katheta ya kanda ni kumwambia mtu ugonjwa wake na kumwacha mlangoni.

Mama Kyela

Nyie mnahesabu dakika, mimi nahesabu nauli.

Binti yangu alikuwa hapandi ngazi tatu bila kuhema. Kumbe mlango mmoja wa moyo umebana, kovu la homa ya koo ya utotoni. Dar wakampitishia mrija wenye puto, wakaufungua mlango bila kupasua kifua, siku ya tatu anatembea. Namshukuru Mungu na wale madaktari. Lakini mpaka hapo tulikuwa tumelala Mbagala wiki tatu, watu saba chumba kimoja kwa shemeji ambaye mwishoni alikuwa hatusalimii. Kakao ya msimu mzima ilikwenda.

Hiyo haikuwa dharura ya dakika 120, baba. Ingefanyika hata Jumanne ya mwezi ujao, mradi iwe Mbeya. Ukisema tusubiri, ujue unamwambia nani asubiri.

Mzee wa Hesabu, Njombe

Naunga mkono hoja ya mleta mada na naongeza chumvi, samahani, nisitaje chumvi kwenye uzi wa presha.

Mashine ya bei kubwa ikishafungwa hutafuta wagonjwa. Hilo liko dunia nzima. Marekani waliweka stenti miaka na miaka kwa watu wenye kifua kinachouma wakipanda mlima na kutulia wakikaa. Utafiti wa COURAGE wa 2007 ukaonyesha kwa watu hao stenti haikupunguza vifo wala shambulio la moyo kuliko dawa nzuri pekee. Ukaja ISCHEMIA, 2020, wagonjwa zaidi ya 5,000, jibu likawa lilelile. Maumivu yalipungua, ndiyo, uhai haukurefuka.

Halafu aliyewekewa stenti baada ya shambulio anatakiwa aspirini pamoja na klopidogreli, zote za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida mwaka mzima. Akiacha mapema, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nani Ludewa anaipata klopidogreli akifika mwezi wa saba wa kuinywa?

Kijana wa Soweto, Mbeya

Mzee wangu, usichanganye. Hizo tafiti ni za kifua kilichotulia. Mshipa ukiziba ghafla kama wa baba mdogo wa mleta mada, kuuzibua mapema kunaokoa maisha, hapo hakuna ubishi.

Mzee wa Hesabu, Njombe

Hapo nimekaa chini. La klopidogreli bado sijajibiwa.

Muuguzi mstaafu, Iringa

Wanangu, nimesoma yote. Mama Kyela pole, na hongera kwa binti.

Nianze na huo mlango uliobana, maana hamkuuliza ulikobania. Mtoto anaumwa koo, anakunywa maji ya chumvi, anapona, anaumwa tena, mwili unakosea shabaha na kushambulia moyo wake mwenyewe. Wenzetu Uganda walichukua watoto 818 ambao ugonjwa ulikuwa ndiyo kwanza unaonekana kwenye eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, hawajaumwa chochote. Nusu wakachomwa penisilini ya benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili. Waliozidiwa kati ya waliochomwa ni asilimia 0.8, kati ya wasiochomwa ni 8.2. Sindano yenyewe inauma, nimeshapigwa teke na mtoto wa darasa la nne, lakini si ghali. Binti wa Kyela alifunguliwa mlango kwa puto kwa sababu miaka kumi nyuma hakuna aliyemchoma.

La pili ni kiharusi, na nashangaa uzi mzima mnaongea kifua tu. Moyo wenye mlango mbovu ukianza kupiga ovyoovyo, damu inatuama, inaganda, kipande kinapanda kichwani. Mapigo ya ovyo peke yake, hata bila mlango mbovu, huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Mtu huyo anahitaji wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wafarini inataka kupima damu mara kwa mara kuona imekuwa nyepesi kiasi gani. Vijana wananiambia siku hizi kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa. Kwa mlango uliobana kwa ugonjwa huu, utafiti wa 2022 ulionyesha dawa za jamii ya wafarini bado zinashinda mojawapo ya hizo mpya. Kwa hiyo tunarudi palepale: kipimo cha damu wilayani.

Nasikia pia wanaosema katheta inavuta bonge kutoka kwenye ubongo. Ni kweli, inafanyika, ndani ya saa 6, na kwa waliochaguliwa kwa picha hata hadi saa 24. Ila viharusi ni viwili. Kuna cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na ukiwa kitandani huwezi kuvitofautisha kwa macho, lazima CT scan. Wa presha aliyepasuka mshipa, katheta hiyo haimhusu, na ukimchoma dawa ya kuyeyusha umemmaliza. Mnapodai mtambo, semeni pia nani atapiga CT saa nane usiku.

Miaka niliyokaa kliniki ya presha, jibu lililonichosha ni moja: "Sista, nilipona, nikaacha vidonge." Presha ilishuka kwa sababu ya vidonge! Anarudi baada ya miezi minne, mdomo umekwenda upande, ameshapitishwa kwa mganga na kwenye maombi. Huyo hakukosa maabara ya katheta. Alikosa mtu wa kumweleza kwa Kihehe mara ya kwanza.

Simaanishi Mbeya isipewe. Namaanisha mkiandika barua kwa mbunge, sindano na vidonge viwe ukurasa wa kwanza.

Kijana wa Soweto, Mbeya

Mama shikamoo. Nakubali karibu yote. Lakini presha ya leo ikidhibitiwa, mavuno yake ni miaka ijayo, na walioziba mishipa tayari wako nasi. Tusiwafanye watu wa sasa kuwa ada ya kufundishia wa baadaye.

Muuguzi mstaafu, Iringa

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, na umenipa tabu.

Mleta mada, Mafinga

Nimerudi, nilikuwa shambani. Nimepigwa, nakiri nilipopigwa.

Nilikuwa naisema katheta kama kitu kimoja. Kumbe ya dharura ya kifua ni moja, na ya kupangiwa tarehe ni nyingine: puto la mlango wa moyo, watoto wenye kimshipa kilichotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa kikabaki wazi, betri za moyo. Betri haihitaji hata maabara kamili ya katheta, inawekwa kwa eksirei ya kuona moja kwa moja chumba cha upasuaji. Hizo ziwe Mbeya, hata kwa kuanzia madaktari wa tiba mkoba kutoka Dar wakija kwa zamu na kufundisha wa huku. Mama Kyela, kwa hilo naomba radhi.

Ya usiku na mchana bado napinga kuitanguliza. Inataka timu nzima, na siyo daktari mmoja anayeugua mafua huduma ikafungwa. Waya, puto na stenti ni vya kutumia mara moja na kutupa, vinunuliwe tena na tena. Nimeona mashine nyingi zikikatiwa utepe, sijaona bajeti ya waya ikikatiwa utepe. Na Kijana wa Soweto, hao watu wako wa saa 24 hawawezi kuanza safari kama hakuna aliyewapiga ECG. Foleni inaanzia hapo.

Naomba kitu kimoja, tuache kubishana kwa hisia. Kila mmoja wiki hii aulize hospitali ya wilaya yake mambo matatu: ECG ipo? Usiku inasomwa na nani? Dawa ya kuyeyusha ipo? Mlete majibu hapa bila kutaja jina la hospitali wala mtu, tusiharibie watu kazi.

Dereva wa bajaji

Mimi sikuchangia, nilikuwa nasoma tu. Asubuhi nimempeleka sista mmoja kazini nikamuuliza. Amesema mashine ya ECG ipo, nzima, mpya kabisa. Karatasi zake ziliisha.

Muuguzi mstaafu, Iringa

Tangu lini? Na ni za upana gani, milimita 50 au 80? Muulize jioni ukimrudisha, unijibu hapa.