Naomba ushauri: kupiga kafi na kunyanyua vyuma bila kuumiza kigasha

Habari zenu wakuu. Napiga kafi kwenye kayaki ya bahari hapa Mtwapa, kilomita 8 hadi 12 kwa safari, na siku nyingine niko jim. Kigasha cha kulia kinauma upande wa nje, karibu na kiwiko. Nikiinua sufuria ya maji kinachoma. Hakuna ganzi wala uvimbe.

Naona mzigo unarundikana sehemu moja. Kujivuta kwenye bomba kunatumia misuli ileile ya mgongo na vigasha inayovuta kafi, kwa hiyo siku ya jim haikuwa mapumziko hata kidogo.

Sasa mazoezi ya kuvuta nimeyahamishia siku ileile ya kafi la nguvu, baada ya kutoka majini, ili kesho yake mikono ipumzike kweli. Pembe kati ya mabapa mawili ya kafi (jinsi moja lilivyogeuzwa kulinganisha na lingine) nimeishusha kutoka nyuzi 60 hadi 30, kifundo cha mkono kisijipinde kila pigo. Kafi nalishika kwa vidole vilivyolegea, na hili ndilo limesaidia kuliko yote. Jim nafanya zaidi skwati, pushapu na kuzungusha kiwiliwili.

Maumivu yamepungua ila hayajaisha. Je, kuvuta vyuma niache kabisa kwa wiki kadhaa, au nibakize seti 2 nyepesi kwa wiki nisipoteze nguvu? Na zoezi la kushusha dambeli ya kilo 2 taratibu kwa kifundo, nilifanye kabla ya kuingia majini au siku ya mapumziko?

Natanguliza shukrani.