Ukoo wa Bibi Koleta: mchango wa bati

Mjomba Fide: Nimetuma elfu hamsini ya bati. Haba na haba hujaza kabati.

Mama Mdogo Stella: Imeingia Kaka, asante. Bado Kulwa na wa Mwanza.

Neema: Mjomba jamani ni KIBABA 😂

Mjomba Fide: Kabati. Nasema hivyo tangu hujazaliwa.

Neema: Kibaba ni kipimo cha nafaka cha zamani, vibaba vinne ni pishi moja. Nikupigie picha ukurasa wa kamusi?

Mjomba Fide: Usinipigie. Nani ana kibaba siku hizi? Kabati kila mtu analo, na halijai leo wala kesho. Ndiyo haba na haba yenyewe.

Kulwa: Hoja imesimama 😂

Padre Deo: Tumsifu Yesu Kristo.

Mama Mdogo Stella: Milele amina, Padre.

Padre Deo: Nimetoka kikaoni nakuta mmempata mumpsimus wa ukoo.

Mjomba Fide: Mumpsi nini? Padre usinitukane kwa Kilatini.

Padre Deo: Hata Kilatini si hicho Mjomba, ndiyo utamu wake. Ni neno la Kiingereza, limo kwenye kamusi zao. Mtu aliyeonyeshwa kosa lake waziwazi akakataa kuliacha. Na kosa lenyewe wanaliita hivyohivyo.

Neema: Limetoka wapi?

Padre Deo: Altareni. Kwenye Misa ya Kilatini kuna sala ya baada ya komunyo, "Quod ore sumpsimus, Domine": Bwana, tulichopokea kwa kinywa tukipokee na kwa nia safi. Sumpsimus ni "tumepokea". Inasimuliwa kuna padre mmoja alikuwa akisoma "mumpsimus", kitu kisicho na maana yoyote. Wakamsahihisha. Akajibu hawezi kuiacha mumpsimus yake ya zamani kwa ajili ya sumpsimus yao mpya.

Kulwa: Mjomba mtupu huyo 😂😂

Padre Deo: Mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam alikitaja kisa hiki mwaka 1516, mwaka uleule alipotoa Agano Jipya la Kigiriki, na watu wakamjia juu kwa kugusa maneno waliyoyazoea. 1517 Mwingereza Richard Pace akakitia kitabuni. Kwake yeye huyo padre ana miaka 30 na mumpsimus yake.

Mjomba Fide: Miaka thelathini! Na Mungu alikuwa anamwelewa au hamwelewi?

Padre Deo: Alimwelewa bila shaka.

Mjomba Fide: Basi.

Neema: Bibi katuma sauti, nawaandikia msio na bando: "Sisi kabla ya Mtaguso wa Vatikano Misa yote ilikuwa Kilatini. Niliitikia nilivyosikia, na yule padre Mjerumani hakunisimamisha hata siku moja. Fide mwacheni. Tangu ananyonya, ukimpa la kulia anataka la kushoto."

Padre Deo: Bibi, wewe ungeelekezwa ungeshika. Kukosea kila mtu anakosea. Huyu tunayemsema amefunuliwa ukurasa, akaufunga.

Kulwa: Si wana na lile recalcitrant? Tulipewa shuleni.

Padre Deo: Hilo ni la kisigino, calx kwa Kilatini. Mnyama anayerusha teke nyuma. Huyo anakataa amri. Mumpsimus wala haamriwi, anaambiwa tu kilichoandikwa.

Tena neno lilifika bungeni. Mkesha wa Noeli 1545 mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliwagombeza watu wake kwa malumbano ya dini. Wengine, akasema, wamekakamaa na mumpsimus yao ya kale, wengine wana kiherehere na sumpsimus yao mpya. Akalalamika kwamba neno la Mungu limekuwa nyimbo na ubishi wa kila kilabu cha pombe.

Mama Mdogo Stella: Neema, hilo la kiherehere ni lako 😂

Neema: Mama Mdogo!!

Mjomba Fide: Henry yupi? Yule wa wake sita?

Padre Deo: Huyohuyo.

Mjomba Fide: Aliyegombana na Papa mpaka akajifanya mkuu wa kanisa? Ndiye anasimama kuwasema wabishi?

Padre Deo: Ndiye. Tena 1521, kabla hawajagombana, Papa alikuwa amempa cheo cha Mtetezi wa Imani.

Mjomba Fide: Alipotoka akakirudisha?

Padre Deo: Thubutu. Papa mwingine baadaye akamvua, bunge lake likampa tena. Wafalme wa Uingereza wanacho mpaka leo, na kiko kwenye sarafu zao, herufi F na D, yaani Fidei Defensor, cheo hichohicho kwa Kilatini.

Mjomba Fide: Halafu mbishi ni mimi.