"Sudomofu" kwenye ripoti ya mwamba: ni madini gani?

Mwenye Duara, Chunya
Wakuu, ripoti ya sampuli zetu inasema "limonaiti, sudomofu ya pairaiti". Mawe ni vijiboksi vya kahawia, having'ai. Sasa ni limonaiti au pairaiti?

Fundi Mwamba, Mbeya
Ni limonaiti, mkuu. Sudomofu si jina la madini. Ni madini yaliyovaa umbo la mengine. Pairaiti ilioza kwa maji na hewa, salfa ikaondoka, chuma kikabaki na umbo lile lile la boksi. Jina linalotangulia kwenye ripoti ndilo la madini yaliyopo sasa.

Sugua jiwe nyuma ya kigae, upande usio na glezi. Unga wa kahawia-njano ni limonaiti. Mweusi wenye ukijani ni pairaiti. Lakini vunja kwanza! Mara nyingi ganda limeoza, kiini bado pairaiti.

Mzee wa Karasha
Nyongeza: pairaiti ikioza, dhahabu iliyofungwa ndani huachiwa. Mkishuka chini ya tabaka lililooza, zebaki itakamata kidogo tu ingawa maabara inaonyesha dhahabu ipo. Msilaumu karasha (mashine ya kusaga mawe).

Mwenye Duara, Chunya
Nimevunja vitatu. Kimoja kina kiini cha manjano kinachong'aa.

Fundi Mwamba, Mbeya
Basi mpo mpakani, kati ya tabaka lililooza na lisilooza. Andikeni kina cha kila sampuli.